Rusumo: maslahi au uadilifu?

Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa takriban saa 24, wakaingia Ngara. Tuliwapokea. Machi 1995 mpaka ukafungwa. Desemba 1996 wakatakiwa wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Misitu ilikatwa, wafadhili walichoka, serikali ikahofia usalama. Sipuuzi hoja hizo. Miongoni mwao walikuwamo wauaji. Lakini walikuwamo pia watoto.

Nikifundisha Surat At-Tawba, aya ya 6, inayoagiza hata mshirikina aombaye hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani, nakumbuka daraja lile. Maslahi huhesabu vichwa. Uadilifu humtenga muuaji na mtoto. Sisi tulihesabu vichwa. Siku ya Kiyama tutajibu nini?