Samaki Mwenye Watoto Kinywani: Je, Kuvua Mwaka Muzima Ni Zambi?



Kuko ulizo moja linalorudi kati yetu kila mwaka, wakati mvua inaanza kunyesha. Wandugu wanaoishi kwa kuvua samaki kwenye ziwa la Nzilo wanasema: "Mungu aliwapa watu samaki. Sababu gani mutu akatazwe kuwakamata miezi fulani? Watoto wetu wanakula mwaka muzima. Basi na sisi tuvue mwaka muzima." Ulizo hili haligusi wavuvi peke yao. Linatugusa sisi wote tunaonunua samaki kwenye soko la Kolwezi na kuwakula na bukari.

Tuanze na mambo yanayoonekana kwa macho. Ziwa la Nzilo lilizaliwa katika miaka ya 1950, wakati ukuta wa baraji ulifunga muto Lualaba kusudi migodi ipate umeme. Wakati wa mvua maji yanaingia ndani ya majani ya kando, mahali pasipo na kina. Mahali kama pale ndipo samaki wengi wanatafuta kuzalia. Tuangalie tilapia. Dume anachimba shimo ndogo chini ya maji. Jike anataga mayai, kisha anayakusanya ndani ya kinywa chake, na anayachunga pale mpaka watoto watoke. Siku zile karibu hakuli kitu. Muvuvi akimuvuta ndani ya wavu, mara nyingi anatema watoto wake ndani ya bwato. Yule aliyeona jambo hili hawezi kusema hakujua.

Wakubwa wetu walioishi upande wa Luapula wanakumbuka samaki mumoja anayeitwa mpumbu. Kila musimu wa mvua walikuwa wanapanda muto kwa makundi makubwa kwenda kuzaa. Wafanyabiashara Wagreki walikuwa wananunua samaki kule Kasenga, wanawatia ndani ya barafu, na kuwaleta Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kulisha watu wa migodi. Migodi iliomba samaki zaidi, na nyavu ziliongezeka. Wavuvi walitega mahali pale pale samaki walipita wakienda kuzaa, na wakati ule ule. Kufika miaka ya 1950, makundi yale yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa mutu hata mumoja aliyekusudia kuwamaliza. Kila mumoja alichukua fungu lake tu.

Hata baharini ni vile vile. Kule Chwaka, Unguja, kuko maji mafupi yenye majani ya bahari. Mwamba unazuia mawimbi makubwa, na kwa hiyo watu wanaweza kuvua pale miezi yote. Wanatega madema, vitego vilivyosukwa, na wanakamata tafi wanaokula majani yale. Lakini watoto wa samaki wengi wanajificha ndani ya majani yale. Wavu unaokokotwa chini unangoa majani na kuchukua wakubwa pamoja na wadogo. Watu wa Chwaka waligombana na wavuvi wa nyavu zile, kwa sababu waliona gala yao inavunjwa.

Basi zambi iko wapi? Kuvua si zambi. Petro alikuwa muvuvi, na Bwana hakumukemea kwa kazi yake. Wala hatusemi kwamba mwaka muzima ni mubaya. Ndoano ya mutu mumoja inayotafuta chakula cha mangaribi haiko sawa na chandarua cha mbu kinachofagia majani yote. Ulizo la kweli ni hili: Je, ninachukua tunda ao ninakata muti?

Sisi watu wa Kolwezi tuko na hatari yetu wenyewe hapa. Tumekomaa kandokando ya shimo. Shaba haizai. Jiwe ukilitoa leo, kesho halirudi; kama hukulichukua wewe, mwingine atalichukua. Shimo limetufundisha kufanya haraka, na roho ile ya shimo tumeipeleka mpaka kwenye maji. Lakini samaki si jiwe. Mungu alimupa baraka ya kuzaa na kujaza maji, na baraka ile alimupa mbele ya kumuumba mutu. Mwenye kuua mama pamoja na mayai anashindana na baraka yenyewe.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, sheria inaruhusu mutu kuchukua watoto wa ndege, lakini amwache mama aende. Mutu anakula, na kiota hakifi. Mungu hakumunyima mwenye njaa chakula; alimuwekea mupaka.

Lakini mujane mwenye watoto watano atatujibu: "Mupaka hauivishi chungu." Neno lake ni la kweli, na hatuwezi kulipita kama vile hatukulisikia. Katika inchi ya Zambia serikali inafunga uvuvi mahali pengi tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Miezi ile mitatu ndiyo miezi ya njaa vilevile, kwa sababu mavuno hayajafika. Tukimwambia muvuvi aache wavu wake halafu sisi turudi nyumbani kula, tumemubebesha muzigo tusioutia hata kidole.

Kwa hiyo tunasema hivi. Muvuvi aache majani ya kando wakati samaki wanazaa, na atupe mbali chandarua. Munuzi asinunue samaki wa kidole. Nani atawavua kama hakuna wa kuwanunua? Na kanisa lifungue gala: kila familia yenye shamba ao mushahara iweke unga kidogo kidogo tangu mavuno, kwa ajili ya nyumba za wavuvi katika miezi ya mvua. Pasipo unga huu, mafundisho yetu ni kelele tu.

Watoto ambao hawajazaliwa bado wataomba samaki kwa wazazi wao. Jibu watakalopata linatengenezwa leo, ndani ya nyavu zetu na ndani ya vyungu vyetu.

Bwana atupe mikono inayojua kuchukua, na inayojua kuacha. Amina.