Kabla Hujaongeza Baruti

Mwanangu, keti nikwambie jambo ambalo nimewaambia wengi kabla yako, wachache wakasikia. Umenionyesha hesabu zako. Umeipa kompyuta ujazo wa ganda, aina ya baruti, uzito wa kichwa cha risasi na urefu wa mtutu, nayo ikakupa shinikizo na kasi. Kisha ukasema kwa furaha kwamba bado kuna nafasi ya kuongeza baruti kidogo. Furaha hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Sheria ya huku Marekani inakuruhusu kujijazia risasi kwa matumizi yako mwenyewe, na sikukatazi. Wala sikukatazi kuhesabu. Ninachokuomba ni uitumie hesabu ikuzuie, maana wewe unaitumia kutafuta ruhusa.

Tazama kilichomo chemba. Kikomo cha shinikizo cha risasi ya .308 Winchester, kwa kanuni za CIP za Ulaya, ni bar 4,150. Nguvu hiyo huzuka na kutoweka ndani ya milisekunde chache, na uso wako uko karibu nayo. Programu haijui kwamba kopo la baruti ulilonunua mwaka huu si la toleo moja na la mwaka jana. Haijui kwamba umebadilisha fataki, au kwamba kichwa cha risasi kimegusa mifereji ya mtutu kabla hujafyatua. Kila moja ya hayo linaweza kupandisha shinikizo, na kompyuta ikaendelea kukuonyesha namba ile ile ya jana. Usiniambie utaziona dalili. Fataki ikishakuwa bapa, bolti ikishakuwa nzito kufunguka, mara nyingi kikomo kimekwisha kupitwa.

Wazee wa kazi hii walijua kuacha nafasi. Mwaka 1911 John Rigby wa London alitoa risasi ya .416 kwa wawindaji wa wanyama wakubwa wa Afrika na India. Baruti ya wakati ule, kodaiti, ilikuwa kali zaidi katika joto, na ganda likinasa chembani mbele ya nyati, mwindaji hana pa kukimbilia. Kwa hiyo ganda lilifanywa kubwa ili shinikizo libaki chini. Hata leo CIP imeiwekea kikomo cha bar 3,250 tu. Risasi hiyo imefanya kazi yake katika nyika za Afrika kwa zaidi ya miaka mia, na haikuhitaji kubanwa hadi mwisho wa chuma.

Sasa tufanye hesabu ile usiyoifanya, ya thamani ya hicho unachokitafuta. Chukua .308 yako, kichwa cha gramu 11, kasi ya mita 808 kwa sekunde, imelengwa sawa kwenye mita 100. Ukiiongezea mita 15 kwa sekunde, kushuka kwake kwenye mita 300 kutapungua kwa sentimita mbili hivi tu. Na ukikosea upepo wa ubavuni kwa kilomita 5 tu kwa saa, risasi itahama sentimita sita au saba. Kulungu hatajua kwamba umeongeza kasi. Atajua kwamba hukuusoma upepo, naye atakwenda kufa kichakani kwa maumivu. Tamaa mbele, mauti nyuma. Na mara nyingine mauti hayo ni yako.

Kinachofaa kutafutwa ni usawa wa risasi moja na nyingine. Ukipiga mbali, kwenye mita 900, tofauti hiyo hiyo ya mita 15 kwa sekunde huwa zaidi ya sentimita 30 za juu na chini. Hapo hesabu inakuhimiza upime baruti kwa uangalifu na uchague maganda yanayofanana.

Lakini hata usawa usiushangilie mapema. Umepiga risasi tano, kifaa kikakuonyesha mtawanyiko wa kasi wa mita 5 kwa sekunde, ukaniletea kama ushindi. Kwa risasi tano tu, hesabu za takwimu zinasema ukweli waweza kuwa popote kati ya mita 3 na 14. Piga thelathini, ndipo nafasi hiyo itabana, kati ya 4 na 7 hivi. Tundu tatu zilizogusana kwenye karatasi si ushahidi, hata ukizipiga picha.

Benjamin Robins, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake cha kanuni za mizinga mwaka 1742, alifyatua risasi kwenye pendulamu nzito, akapima jinsi ilivyorudi nyuma, akaijua kasi. Ndipo ilipobainika kwamba hewa huizuia risasi zaidi kuliko wataalamu wa zama zake walivyodhani. Wao walikuwa na milinganyo mizuri. Yeye alikuwa na kipimo.

Basi fanya hivi. Anza na jedwali la watengenezaji wa baruti, walioipima katika mitutu ya maabara. Anzia chini, panda kidogo kidogo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika kila kitu. Kila hatua, pima kasi na uilinganishe na jedwali. Kasi yako ikizidi kasi ya jedwali, usijisifu. Kasi haiji bure, imenunuliwa kwa shinikizo. Simama hapo, rudi chini. Jedwali na kompyuta vikipingana, fuata kile kinachotaja baruti kidogo. Ukibadilisha kopo la baruti, anza upya.

Nimechoka kuwazika vijana ushauri wangu ukiwa bado masikioni mwao, na sitaki kuchoka kwa ajili yako. Umejaliwa akili ya hesabu. Itumie kujua pa kukomea, na ukishapajua, komea.