Je, Daftari Huua Undugu?

Katika vijiji vya pwani ya ziwa letu, toka Swima na Mboko mpaka Baraka, mzazi ambaye mtoto wake amemaliza mwaka wa nane huanza kuulizwa na jirani zake: mtoto ataingia upande gani? Zamani jibu lilikuwa jepesi, kwani mwenye kutaka mshahara alisomea ualimu. Siku hizi wengi hujibu: Komersiale, yaani masomo ya biashara na ya kutunza hesabu, na shule nyingine zimeongeza jina la informatiki, yaani elimu ya kompyuta. Miaka minne baadaye kijana hufanya mtihani wa Serikali, ule ulioanzishwa mwaka 1967, na akishinda hurudi nyumbani na karatasi yake.

Hapo ndipo lawama huanza. Wazee wanasema: "Huyu tulimsomesha kwa mihogo yetu na ndagala zetu. Sasa amefungua kaduka kando ya barabara, na mjomba wake akienda kuomba chumvi, yeye anafungua daftari." Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, hata hatuwezi kuyaita masengenyo tu. Wazee wanauliza jambo la kweli: je, masomo haya yanawafundisha watoto wetu ugumu wa moyo?

Kwanza hatuna budi kujua masomo yenyewe yasema nini. Desturi ya kuandika kila jambo mara mbili ilikuwa ya wafanya biashara wa Italia tangu zamani, lakini aliyeieleza kwanza katika kitabu kilichopigwa chapa alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli, huko Venezia mwaka 1494. Alimtaka mfanya biashara atie alama ya msalaba katika daftari lake la kwanza. Labda mtu atashangaa kwamba mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara aliwafundisha wengine kuhesabu mali. Sisi hatushangai sana. Asiyeitamani fedha aweza kuitazama bila kupepesa macho.

Kanuni yenyewe ni hii: hakuna kitu kiingiacho pasipo kutoka mahali. Ukiuza sukari ya faranga 3,000, sukari imetoka, fedha imeingia, na yote mawili huandikwa, moja kila upande. Wanafunzi wanaziita pande hizo debeti na krediti. Zisipolingana, pana kosa au pana mwizi. Kongo ilipoingia katika umoja wa OHADA mwaka 2012, tuliacha mpango wa hesabu uliotumika tangu mwaka 1976, tukafuata ule wa nchi 17, toka Dakar mpaka Moroni. Kwa hiyo kijana wa Swima akijua kazi hiyo vizuri, daftari lake litasomeka hata Cotonou.

Lakini kanuni inayowaudhi wazee ni nyingine. Yasema hivi: duka ni mtu mbali, na mwenye duka ni mtu mbali. Fedha ya duka si ya mfukoni mwake.

Tutoe mfano. Kijana amepewa dola 300 na kaka yake aliye Marekani; maana wengi wa watu wetu walikimbilia Tanzania mwaka 1996, wakakaa kambini Nyarugusu, na baadhi yao wakapelekwa Marekani. Kijana anakwenda Uvira, ananunua bidhaa, nusu kwa fedha taslimu, nusu kwa deni la mwenye depo. Mwezi wa kwanza mama yake anachukua sabuni. Baba mdogo anachukua kilo mbili za sukari za matanga. Shemeji anataka vocha ya simu, atalipa keshokutwa. Hakuna aliyeiba hata mmoja. Baada ya miezi mitano rafu ni tupu, mwenye depo anadai, kaka wa Marekani anapiga simu usiku, na hakuna ajuaye duka limeuawa na nani. Basi wengine husema ni uchawi. Ndiyo, ndugu zangu, duka lililokufa kwa sukari na sabuni limekwisha singiziwa kikongwe wa jirani, na kikongwe akahama kijiji. Mtu asituambie kwamba kutokuandika ni upole.

Hata hivyo wazee wana hoja, nasi hatutaki kuipita mbio. Wanasema: duka si mtu. Duka halilii, halizikwi, halina watoto. Mjomba ni mtu. Shule inawezaje kumfundisha mtoto kukipa kitu heshima ya mtu, na kumgeuza mtu awe tarakimu? Tena sisi wa pwani hii tumepona vita na kukimbia kwingi kwa sababu mwenye kibakuli cha unga aligawa bila kuuliza. Lau tungalishika madaftari barabarani, wangapi wangalikufa?

Hoja hiyo ni nzito, na mwalimu wa Komersiale anayeicheka hajaielewa kazi yake. Lakini tuitazame vema. Yule aliyegawa unga barabarani aligawa unga wake. Kijana wetu dukani anagawa mali ya nani? Nusu ni ya mwenye depo wa Uvira, ambaye naye ana watoto. Nyingine ni jasho la kaka aliye ng'ambo. Kumpa mjomba sukari ya mwenye depo pasipo yeye kujua ni kuwa mkarimu kwa mfuko wa mwingine, na ukarimu wa namna hiyo ni mwepesi sana. (Katika Injili yumo wakili mmoja aliyepunguza madeni ya watu kwa mali isiyo yake, naye akasifiwa kwa werevu wake. Wahubiri wengi huiruka habari ile, nasi hatuwalaumu.)

Kwa upande mwingine twataka kusema na kijana pia. Tumesikia vijana wakimjibu mama mzee: "Hesabu inanikataza." Huo ni uwongo. Daftari halikatazi kutoa. Katika mpango ule wa OHADA imo hesabu ya mwenye duka, namba 104, kusudi aandike humo yote anayoyachukua kwa matumizi yake na ya watu wake. Kilo mbili za matanga zina mahali pake. Linalokataliwa ni zawadi isiyo na jina. Basi mwenye kumnyima mama mzee anyime kwa kinywa chake mwenyewe, aseme "sitaki", au "sina, nadaiwa", wala asijifiche nyuma ya karatasi. Karatasi haina moyo wa kuwa mgumu.

Na tena, wachache wajuao: hata kusamehe kuna mahali pake. Mdeni akifa au akishindwa kabisa kulipa, deni lake halifutwi kwa kalamu kana kwamba halikuwapo. Hutolewa katika ukurasa wa wadeni na kutiwa katika ukurasa wa hasara. Mwenye duka anakiri: nilidai, sidai tena, na hasara nimeibeba mimi. Twaona jambo hilo ni zuri kuliko kusema "achana nalo", kisha kumkumbusha mtu deni lake mbele ya watu siku ya ugomvi, kama tulivyozoea.

Sasa neno juu ya kompyuta, maana nayo imo katika jina la masomo. Katika daftari la karatasi sheria inakataza kuacha nafasi tupu na kugeuza yaliyoandikwa. Ukikosea, unaandika sahihisho, na kosa lenyewe linabaki likisomeka. Bali katika jedwali la kompyuta, kama yale yaliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1979 kwa jina la VisiCalc, ukibadili tarakimu ya jana, jumla zote hujirekebisha kwa kufumba na kufumbua, na mara nyingi alama haionekani. Wepesi huo ni msaada mkubwa. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa mashine kabla ya kufundishwa aibu ya kufuta, huyo amepewa kisu akiwa gizani.

Wala wengi hawajafundishwa hata mashine. Tumeona darasa ambamo mwalimu alichora vitufe vya kompyuta ubaoni kwa chaki, herufi kwa herufi, na watoto wakavinakili katika madaftari. Mwalimu yule hatumlaumu; alifanya alichoweza, na umeme hapakuwa. Lakini wazazi walilipa karo ya informatiki, na karatasi itasema mtoto ameisoma. Hapo shule inayofundisha kwamba kila kinachoandikwa lazima kiwe na kitu nyuma yake, imeandika yenyewe kitu kisichokuwapo. Kuna njia ya uaminifu, nayo haina gharama: kuwaambia wazazi mapema, "Biashara tutamfundisha, mashine hatuna." Mzazi mwenye kuambiwa hivyo aweza kuamua. Aweza pia kuuliza kabla ya kulipa: mashine ni ngapi, zinawashwa kwa nini, na mtoto ataigusa mara ngapi kwa juma? Sahani moja ya jua na mashine mbili kuukuu zafaa kuliko ubao mzima wa vitufe.

Wakati huo huo kompyuta ndogo imekwisha kuingia mikononi mwetu bila kupita shuleni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012, na leo kijana aketiye chini ya mwavuli na simu mbili anashika fedha za wavuvi, za wajane na za walimu. Anahesabu kwa faranga na kwa dola, na asipoandika bei ya dola ya siku ile, jioni hajui kama amepata au amepoteza. Kwake masomo ya Komersiale si mapambo hata kidogo.

Na kama wazee wangali wanaogopa kwamba kuandika kunaua undugu, tunawaomba wakae siku moja na akina mama wa chama cha akiba. Kisanduku chao kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Wengi wao hawakusoma. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na kabla ya kufunga kisanduku jumla hutamkwa kwa sauti, ili kila mmoja aibebe kichwani mpaka mkutano ujao. Katika vyama vingine siku hizi mwandishi ni kijana aliyetoka Komersiale, na jumla anayo katika simu yake. Akina mama hawamzuii. Ila siku ya kufungua, kijana huamriwa anyamaze kwanza, mama mmoja asiyejua kusoma atamke jumla ya juma lililopita, ndipo simu iwashwe, wasikie kama inakubaliana naye.