Vijana, Skrini na Hesabu ya Nafsi

Swali la kama mtu anaweza kuwa shahidi mwaminifu wa hali ya nafsi yake ni la zamani katika dini na katika falsafa, na kwa miaka ya karibuni limepata uwanja mpya katika majibu ya vijana wa Marekani, wenye umri wa miaka 13 hadi 17, kuhusu simu zao na mitandao ya kijamii. Taasisi ya utafiti ya Pew Research Center ilichapisha mwaka 2025 matokeo ya mahojiano yaliyofanywa mwaka uliotangulia, na humo asilimia 48 ya vijana walisema kwamba mitandao huwadhuru wenzao wa rika moja zaidi kuliko inavyowafaa, ilhali waliosema hivyo kuhusu wao wenyewe walikuwa asilimia 14 tu. Mwaka 2022 viwango hivyo vilikuwa 32 na 9. Lawama imepanda, lakini imepanda zaidi pale inapomhusu mwingine.

Pengo hili lina jina katika taaluma ya mawasiliano. Mwaka 1983 mtafiti W. Phillips Davison aliliita athari ya mtu wa tatu, yaani mwelekeo wa binadamu kuamini kwamba vyombo vya habari huwageuza wengine zaidi kuliko vinavyomgeuza yeye. Maelezo hayo ni ya kweli kwa kiasi chake, ila hayatoshi, kwa sababu humchukulia kijana kama mtu aliyekosea hesabu, bila kuuliza ni wapi alikoyaona madhara anayoyataja. Ameyaona kwa rafiki anayesinzia katika kipindi cha kwanza baada ya kuperuzi video hadi usiku wa manane, na kwa binti anayeifuta picha yake saa moja baada ya kuiweka, kwa kuwa waliobofya kuipenda ni wachache. Mtu anaweza kuwajua wawili watatu wa namna hiyo, akasema kwa haki kabisa kwamba rika lake linaumia, na bado akawa mkweli anaposema kwamba yeye hajaumia.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111 mjini Tus, anataja katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din njia nne za mtu kuzijua aibu zake: kukaa mbele ya shehe mwenye kuona mbali, kumweka rafiki mkweli awe mwangalizi wake, kusikiliza anayosema adui, na kuchanganyika na watu ili kila analoliona baya kwao alitafute kwake mwenyewe. Kwa mujibu wa njia hii ya nne, jicho linaloona dosari ya jirani halina kosa, bali limefika nusu ya safari, na hapo ndipo wengi wa vijana hawa walipo. Kuwaita vipofu au wanafiki, kama wanavyofanya baadhi ya watu wazima ambao nao hawaziweki chini simu zao, ni dhuluma.

Tena wapo waliokwisha kuvuka nusu hiyo. Katika mahojiano yaleyale asilimia 45 walikiri kwamba hutumia muda mwingi kupita kiasi katika mitandao, na asilimia 44 walisema wamewahi kuupunguza. Aristotle, katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako, aliijadili hali aliyoiita akrasia, yaani udhaifu wa utashi, ambapo mtu hulijua lililo bora na bado akatenda lililo duni. Hata hivyo dhana hiyo haipaswi kubebeshwa mzigo wote hapa, kwa kuwa mtu wa Aristotle alishindana na tamaa yake peke yake, ilhali kijana wa leo anashindana pia na ukurasa usio na mwisho, na video inayoanza yenyewe kabla hajaamua kama anaitaka, na arifa zinazomwita tena baada ya kuondoka. Na vyote hivyo vimebuniwa na watu wazima wanaolipwa ili asiondoke.

Simu nyingi sasa humpa mwenyewe taarifa ya saa alizotumia, na wapo wanaodhani kwamba hiyo ndiyo hesabu ya nafsi inayotakiwa. Al-Ghazali aliifafanua muhasaba, yaani kuihesabu nafsi, kwa mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi huwekeana masharti, mchana mmoja humwangalia mwenzake, na jioni huulizana faida na hasara. Taarifa ya simu haina sharti la asubuhi. Huonyesha saa tatu bila kutenganisha ile moja ambayo binti aliitumia kumliwaza rafiki aliyefiwa na mbili alizozitumia kujilinganisha na nyuso asizozijua, ingawa yeye mwenyewe, akiulizwa kwa upole na mtu asiyekuja kumhukumu, anaweza kuzitenganisha.