Raia Aitwapo Kumhukumu Mwenzake

Iko kazi moja kubwa ambayo mtu hafundishwi shuleni, nayo ni kazi ya kumhukumu mwenzake. Katika Uingereza mtu mwenye umri wa miaka 18 hata 75 aweza kupata barua siku yo yote, imwitayo aache shamba lake au duka lake, akakae barazani pamoja na wenzake 11. Watu hao 12 huitwa juri. Hawachaguliwi kwa elimu wala kwa mali. Majina yao hutolewa kama kwa kura katika daftari la wapiga kura. Jaji huwaeleza sheria, bali kusema kama mshitakiwa ana hatia au hana, ni juu yao.

Wako Wakristo wasemao, “Sisi tulikatazwa kuhukumu, kazi hiyo si yetu.” Twaiheshimu hofu yao, walakini twaona kwamba wamechanganya mambo mawili. Tulilokatazwa ni kumhukumu jirani kisimani, kwa neno tulilolisikia nusu, naye hayupo kujitetea. Kazi ya barazani ni kinyume cha hayo: ni kunyamaza kwanza, kusikia pande zote mbili, ndipo kusema. Tena, mwenye hofu ya Mungu akikataa kuketi, hukumu haikomi. Kiti chake hukaliwa na mtu asiye na hofu.

Twakumbuka habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Malkia Yezebeli aliwaandikia barua wazee wa mji, nao wakafanya kama walivyoandikiwa. Wakasimama mashahidi wawili wa uongo, na Nabothi akapigwa kwa mawe hata akafa. Shamba lile halikuwa faida kwa wazee wale. Kwa wazi walimwogopa aliyewaandikia. Wala hatusomi kwamba hata mmoja wao alisema, “La.”

Sasa tuwaangalie watu wengine, wa London, mwaka 1670. Kijana William Penn alikuwa wa jamii ya Marafiki, ambao leo kanisa lao lina watu wengi magharibi ya Kenya. Alikuta nyumba yao ya ibada imefungwa na askari, akahubiri njiani. Akashitakiwa, yeye na mwenziwe William Mead, kwamba wamekusanya watu kwa fujo. Juri wakasema kwamba Penn alinena njiani, basi. Wakuu wa baraza wakakasirika, wakawafungia usiku pasipo chakula wala maji wala moto, ili wageuze neno lao. Hawakuligeuza, mwisho wakasema wazi kwamba washitakiwa hawana hatia. Hapo wakatozwa faini wao wenyewe, na Edward Bushel na wengine wakakataa kulipa, wakakaa gerezani. Shauri la Bushel likafika mbele ya jaji mkuu John Vaughan, naye akaamua kwamba mtu wa juri haadhibiwi kwa sababu ya hukumu aliyoitoa.

Basi aitwaye yampasa kujua mambo matatu.

La kwanza, ushahidi ni ule tu uliotolewa barazani. Sisi husema, “Lisemwalo lipo.” Mithali hii yafaa njiani, lakini barazani yaweza kuua mtu, kwani mshitakiwa atalijibuje neno ambalo hakulisikia? Kwa hiyo katika Uingereza mtu wa juri atafutaye habari za kesi kwa siri, hata katika intaneti, aweza kufungwa.

La pili, si kazi ya mshitakiwa kuonyesha kwamba ni mwema. Ni kazi ya mshitaki kuonyesha kwa hakika kwamba ametenda. Shaka ya kweli ikibaki, ni mali ya mshitakiwa. Kumwachilia si kumsifu. Ni kukiri kwamba hatujui.

La tatu, asikilize wenzake kwa upole, na akionyeshwa kwamba amekosea, ageuke pasipo haya. Lakini asigeuke kwa kuchoka, wala kwa kuona kwamba amebaki peke yake. Aligeukaye ili apate kurudi nyumbani mapema ameuza uhuru wa mtu kwa bei ya chakula cha jioni.

Katika nchi zetu juri haikuota mizizi. Katika mahakama kuu tulikuwa na wazee wa baraza, waliokaa na jaji na kumpa maoni yao, ingawa jaji hakufungwa nayo. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Je, mambo haya hayatuhusu? Yatuhusu sana. Mbuzi akipotea kijijini, jina la mtu hutajwa kabla ya jua kuchwa, na mara nyingi ni jina la yule ambaye baba yake aliiba zamani. Katika kamati ya shule na katika baraza la kanisa twaitwa kusema nani ana kosa, nasi wenyewe tumewahi kuinua mkono kwa sababu tuliona mikono mingine imeinuka.

Ndugu, wazee wa Nabothi na watu wa Bushel wote walikuwa raia kama sisi, wakaitwa siku wasiyoitazamia. Tusingoje barua ya baraza ndipo tujifunze. Neno baya likiletwa mlangoni kwetu leo jioni, tuulize kwanza, “Na yeye mwenyewe amesemaje?”