Deni la Asiyekunywa

Katika Sura ya Al-Baqara mna aya ambayo niliipita miaka mingi kama mtu apitaye mbele ya mlango wa jirani bila ya kubisha hodi: ile iliyoteremka kuwajibu waliomwuliza Mtume juu ya mvinyo na kamari, ikawaarifu kuwa katika viwili hivyo mna dhambi kubwa, na mna manfaa pia kwa watu, ila dhambi yake imeyazidi manfaa yake. Hukumu iliyotimia baadaye katika Sura ya Al-Maida haina shaka ndani yake, wala sikushika kalamu leo ili kuitafutia upenyo. Lakini Mwenyezi Mungu hasemi neno la bure. Na ikiwa Yeye, katika njia ya kuharimisha, alitangulia kukiri kuwa mna manfaa, basi yanipasa mimi mja wake kuuliza ni manfaa gani hayo, na mtu aliyeuacha mvinyo kwa utiifu ameyaweka wapi. Wafasiri wametaja faida ya biashara, na uchangamfu wa moyo, na kusagika kwa chakula tumboni. Nami nakubali yote hayo, ila nadhani liko jingine ambalo halimo ndani ya kikombe, bali limekaa kando yake.

Swali hilo nalilichukua safarini mpaka pwani ya kusini ya Hispania, katika jimbo la Cádiz, pale mto Guadalquivir unapojimwaga katika bahari ya Atlantiki, ambapo miji mitatu, Jerez de la Frontera, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María, imelelewa na mvinyo kwa karne nyingi. Sikulichagua jimbo hilo kwa tamaa ya kinywaji, maana sijapata kukionja. Nalilichagua kwa kuwa ni nchi ambayo Uislamu na mzabibu vilikaa nyumba moja zaidi ya miaka 500. Waarabu waliuita mji wa Jerez Sharish, na katika jina hilo Waingereza, wateja wake wakubwa wa siku za baadaye, walipata neno lao la kuuita mvinyo wa huko, sherry. Katika mji huo huo alitoka Abu al-Abbas al-Sharishi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1222, mwenye sharhi mashuhuri juu ya Maqamat za Al-Hariri. Na ndani ya ngome yake ungalipo msikiti mdogo wa matofali, uliogeuzwa kanisa baada ya Mfalme Alfonso wa Kumi kuutwaa mji mwaka 1264. Hivyo jina moja limebeba mvinyo na elimu, na msafiri hawezi kulitamka kwa ajili ya kimoja bila ya kukigusa cha pili.

Inasimuliwa kwamba mwaka 966 Khalifa al-Hakam wa Pili, mtu wa vitabu na wa ibada, aliamuru mizabibu ya nchi yake ing'olewe ili fitina ya mvinyo ikome, na watu wa Sharish wakamjibu kwa adabu kuwa mzabibu hautoi mvinyo peke yake, kwamba zabibu zake kavu ni chakula cha askari wake vitani. Ndipo theluthi moja ikang'olewa na iliyobaki ikasalimika. Wako wanaoisoma hadithi hii kama werevu wa wafanyabiashara, na pengine ulikuwamo. Mimi naisoma kama fatwa, kwa maana iliuliza swali lile lile la aya: iwapo katika kitu mna madhara na mna manfaa, je, mwenye kuyakata madhara hana wajibu wa kuyaokoa manfaa?

Sheria ya dini yangu haimwachii Mwislamu kuketi kwenye meza panapozungushwa ulevi, nami sikuketi. Nilisimama vizingitini na viwanjani, na msafiri asimamaye mlangoni mara nyingine huona mengi kuliko aliyekaa, kwa kuwa macho yake hayana kazi nyingine. Katika Jerez nyumba ya mvinyo huitwa tabanco, jina ambalo husemwa limeungwa kwa tumbaku na kwa duka la serikali lililokuwa likiiuza. Zamani watu walikwenda huko na chupa zao kununua mvinyo wa kupimiwa kutoka katika pipa, na kwa kuwa mwenye kungoja zamu yake huzungumza na mwenziwe, duka likageuka baraza. Iko moja iitwayo El Pasaje, iliyofunguliwa mwaka 1925, ambamo huimbwa nyimbo za flamenko, na wakati mwimbaji anapoinua sauti, vijana na wazee hunyamaza pamoja kama watu walio mbele ya mtu anayesema kweli chungu. Mapipa meusi yamepangwa ukutani nyuma ya muuzaji. Kinywaji hutiwa katika bilauri ndogo. Zeituni na jibini huletwa juu ya karatasi. Na hesabu ya kila mtu huandikwa kwa chaki juu ya ubao wa kaunta, kwa desturi ya kale ambayo haijafa. Nyumba hizi zilipata kufifia sana, nyingi zikafungwa, kisha vijana wa mji wakazihuisha. Na nilipojiuliza ni nini walichokuwa wakikihuisha, nilijijibu kuwa si mvinyo, maana mvinyo haukupata kuadimika katika nchi ile.

Katika mji wa Cádiz wenyewe, unaokaribia kuzungukwa na maji kama Mombasa ya kale, nilisimama mbele ya Taberna La Manzanilla, ambayo huuza mvinyo wa Sanlúcar kutoka katika mapipa yake, na ambamo mtu haendi kula wala kufanya kelele, bali kusimama kitambo na jirani yake. Katika Sanlúcar, kwenye uwanja wa Cabildo, iko nyumba ya Casa Balbino, isifikayo kwa mikate midogo ya kamba, nayo ni uduvi mzima uliochanganywa katika unga wa dengu na wa ngano ukakaangwa ukakauka. Nilipoila nikiwa nimesimama uwanjani nilikumbuka bajia za nyumbani, na nikaona jinsi pwani zinavyojuana hata pale watu wake wasipojuana. Ikiwa msomaji ataniuliza zipi katika nyumba hizo ni njema, nitamjibu kwa kipimo nilichokiokota kizingitini: nyumba njema ni ile ambayo mzee anayeingia peke yake hupewa nafasi kabla hajaomba, na ambayo mgeni akinywa kidogo, au asinywe kabisa, hatazamwi kwa jicho la hasara.

Nalionyeshwa pia ghala za mvinyo, majengo marefu yenye utulivu wa misikiti, ambayo dari zake zimeinuliwa juu ili hewa ipoe, na madirisha yake yameelekezwa upande wa upepo wa bahari. Kwa maana watu wa huko, kama sisi tunavyohesabu kaskazi na kusi, huhesabu pepo mbili: poniente wa magharibi, wenye unyevu, na levante wa mashariki, mkavu na wa joto. Mzabibu wao hukua katika ardhi nyeupe ya chokaa, inyonyayo mvua za majira ya baridi na kuziweka akiba kwa kiangazi kirefu. Juu ya uso wa mvinyo ulio pipani huota utando wa chachu, ambao wenyeji huuita ua, nao huukinga mvinyo na hewa isiuharibu. Na kwa sababu unyevu wa bahari huulisha utando huo, mvinyo uitwao manzanilla haukomazwi ila katika Sanlúcar. Mwenye ghala huchota kwa chombo chembamba chenye mpini mrefu, ambacho mtu yeyote wa pwani yetu angekitambua papo hapo kuwa ni nduguye kata ya kifuu.

Lakini lililonishika zaidi ni mpango wa mapipa. Yamewekwa safu juu ya safu, na safu ya chini, iliyo karibu na ardhi, ndiyo yenye mvinyo mkongwe. Wakati wa kuuza huchotwa sehemu tu kutoka chini, na pengo lake hujazwa kwa mvinyo wa safu iliyo juu yake, na pengo la hiyo kwa safu nyingine ya juu zaidi, hata kufika kwenye mvinyo mchanga wa mwaka. Na pipa la chini halimalizwi kamwe, kwa hivyo ndani yake hubaki daima tone la miaka ambayo hakuna aliye hai aliyeiona. Nilipoelezwa hayo nilikumbuka isnadi za masheikh wetu, jinsi elimu inavyopokewa na mwanafunzi katika kifua cha mwalimu wake, na mwalimu katika kifua cha mwalimu wake, wala chombo cha kale kisikauke kwa kumiminwa. Basi nikatambua kuwa uzuri nilioustaajabia si mali ya mvinyo. Ni subira, ni heshima ya kichanga kwa kikongwe, ni kutoa bila ya kumaliza. Na mambo hayo watu wa Jerez wameyaweka katika pipa kwa kuwa hapo ndipo walipopata mahali pa kuyaweka.

Nisiseme hayo nikayaficha mengine. Usiku mmoja, katika kichochoro kimoja cha Cádiz, nilimwona mwanamume akitoka katika mlango wa mvinyo huku mtoto wa kike, asiyezidi miaka minane, amemshika upindo wa koti akimwongoza nyumbani, na mtoto yule hakulia wala hakuona haya, alitembea kwa uzoefu. Sijaona tafsiri ya ile dhambi iliyozidi manfaa iliyo wazi kuliko uso wa mtoto yule. Najua kwamba jirani zangu Wakristo wana njia yao katika jambo hili, kwamba kikombe huinuliwa madhabahuni mwao, kwamba muujiza wa harusi ya Kana wanausoma kwa furaha, na kwamba Paulo alimpa Timotheo ruhusa ya kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Siwahukumu, na wengi wao wameulilia ulevi kuliko sisi. Nasema tu kwamba mwenye kuisifu nyumba ya mvinyo kwa mchana wake na asiutaje usiku wake amesema nusu.

Hata hivyo nasi tunayo nusu yetu tusiyoitaja, nayo naijua kwa damu. Mjomba wangu alikuwa mgema. Alipanda minazi tangu ujana, na kila jioni alikuwa mangweni, katikati ya watu waliomjua kwa jina la utani, waliomwuliza habari za goti lake lililoangukiwa na nazi, na waliotuma mtu kumwangalia asipoonekana siku mbili. Alipofika umri wa miaka 50 na zaidi alitubu, akauza mundu wake, akaoga, akaingia msikitini, na watu wakamsifu kwa machozi na kumwombea dua. Kisha wakasali isha, wakavaa viatu vyao, wakaenda kila mmoja kwake. Mjomba akarejea nyumbani akatandika mkeka mlangoni, akakaa. Kwa muda wa miezi saba alikaa pale peke yake kila usiku, nami nilikuwa kijana nikimpita na kumpa shikamoo, nikidhani kuwa shikamoo inatosha. Mwezi wa nane alirudi mangweni. Watu wakasema kiu imemshinda. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mama, dada yake, kwamba tembo hakulitamani hata kidogo. Alitamani kuulizwa habari za goti lake.

Tangu siku ile naamini kuwa manfaa ambayo aya imeyakiri, yale ninayosema yamekaa kando ya kikombe, ni haya: kwamba pako mahali pamoja ambapo mtu asiyekuwapo hutambulikana kuwa hayupo. Mvinyo hauyazai manfaa hayo. Umeyaazima kwa wanadamu, na huwatoza riba kubwa. Lakini mwenye kumkataza mtu mvinyo, naye asimpe manfaa hayo kwa njia ya halali, amemfungia mlango wa moto bila ya kumfungulia mlango wa nyumba, na amemwacha nje katika baridi akiutazama ule moto.

Wazee wetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Katika Kiarabu cha kale neno qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo, na washairi walilitumia hivyo kabla buni haijajulikana. Kisha masufi wa Yemen, katika karne ya 15, walipoanza kuichemsha buni ili wakeshe katika dhikri, jina lile likahamia katika kinywaji kipya, na huko ndiko lilikotufikia sisi likiwa kahawa. Wako waliotaka kuiharimisha hiyo nayo, na katika Makka mwaka 1511 ilipigwa marufuku kwa muda, kwa sababu hasa ya mikusanyiko ya watu walioinywa. Ila haikudumu marufuku hiyo. Natafakari sana juu ya uhamisho huo wa jina. Watu wale hawakuridhika kuumwaga mvinyo na kuacha kikombe kitupu. Walikijaza kitu chengine, wakakipa jina lile lile, wakaketi duara ile ile, ikawa usiku wa mja anayemcha Mungu una joto lake, wala haukumlazimu kuchagua baina ya utiifu na wenzake. Na kila muuza kahawa apitaye na dele lake na kugonganisha vikombe katika vichochoro vya Lamu au Unguja, ajue asijue, anailipa sehemu ya deni ambalo sisi tusiokunywa tunadaiwa.

Deni hilo halilipwi kwa mawaidha. Linalipwa kwa benchi mbele ya msikiti ambalo halihamishwi baada ya swala, kwa mtu mmoja mwenye kukaa nusu saa zaidi kuliko haja yake, kwa jina la utani, kwa kuuliza habari za goti. Mjomba wangu amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mkeka wake ninao mimi. Usiku baada ya isha nautandika mlangoni pangu, upande wa barabarani, nao ni mkeka mpana, wa kukaliwa na zaidi ya mtu mmoja.