Kilichobaki na Kilichokuwapo

Makumbusho yoyote ya akiolojia husimama juu ya dhana moja ambayo ni nadra kutamkwa, nayo ni kwamba kilichobaki kinaweza kushika nafasi ya kilichokuwapo. Mtazamaji hupita mbele ya makabati ya vioo, na kutokana na vyungu, vinyago na mawe yaliyochongwa hutarajiwa aijenge akilini mwake jamii nzima ya watu waliolima, wakafanya biashara, wakaabudu na kuzikana. Dhana hiyo inastahili kuchunguzwa, na Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia yaliyoko Athens, mji mkuu wa Ugiriki, yanaufaa uchunguzi huo, kwa sababu baadhi ya vitu vinavyosifiwa zaidi humo vilihifadhiwa kwa njia ambayo hakuna mtunzaji wa mali ya kale angethubutu kuipendekeza.

Katika mojawapo ya kumbi zake imesimama sanamu ya mungu mwenye ndevu, yenye kimo cha zaidi ya mita 2, iliyotengenezwa kwa shaba nyeusi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, yapata mwaka 460 K.K. (kabla ya Kristo). Mkono wake wa kulia umeinuliwa tayari kurusha silaha ambayo haipo tena, na kwa kuwa silaha hiyo ndiyo ingemtambulisha, wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama huyo ni Zeus mwenye radi au Poseidon mwenye mkuki wa ncha tatu. Sanamu hiyo iliopolewa katika bahari ya rasi ya Artemision, kaskazini mwa kisiwa cha Evia, mwaka 1926 na 1928. Merikebu iliyokuwa imeibeba ilizama, na kuzama huko ndiko kulikoiokoa, kwani sanamu nyingi mno za aina yake zilizobaki nchi kavu, mahekaluni na viwanjani, ziliyeyushwa kadiri vizazi vilivyofuata vilivyohitaji madini kuliko miungu. Ndiyo maana Polykleitos, mchongaji aliyetukuka katika karne ya 5 K.K., hana hata sanamu moja ya shaba nyeusi inayojulikana kuwa imesalia kutoka mikononi mwake. Kilichopo katika makumbusho hayo ni nakala ya marumaru ya kijana anayejifunga utepe kichwani, iliyochongwa yapata mwaka 100 K.K. na kugunduliwa katika kisiwa cha Delos. Hata marumaru haikuwa salama, maana sanamu nyingi ziliishia katika tanuri la chokaa, kama yanavyoishia matumbawe katika pwani ya Afrika Mashariki.

Hapa ndipo suala linapoingia katika epistemolojia, tawi la falsafa linalochunguza namna binadamu anavyojua anachodai kujua. Ni kawaida kudhani kwamba wakati hufanya kazi ya kuchekecha, ukiacha kilicho bora na kupepeta kilicho duni, na dhana hiyo huwafariji wapenzi wa sanaa, lakini kumbi za Athens zinaikanusha. Kilichoamua hatima ya vitu hivi ni umbali wavyo na mkono wa binadamu: kilichopendwa, kilichotumika na kilichofikika kiliangamia, ilhali kilichoponyoka kikabaki. Michoro ya ukutani ya Akrotiri, katika kisiwa cha Thera, ipo kwa sababu volkano iliuzika mji huo chini ya majivu zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Dhahabu ya Mycenae, iliyofukuliwa na Heinrich Schliemann mwaka 1876, ipo kwa sababu ilizikwa pamoja na wafu. Sampuli hii ilichaguliwa na maafa na makaburi, wala haikuchaguliwa na thamani.

Athari yake kwa fikra si ndogo. Mwaka 1900 wazamiaji waliokuwa wakichuma sifongo karibu na kisiwa cha Antikythera walikuta mabaki ya merikebu ya karne ya 1 K.K., na miongoni mwa vitu vilivyopandishwa mlikuwa na donge la shaba nyeusi lililoliwa na kutu, ambalo mwaka 1902 lilionekana kuwa na gia ndani yake. Leo vipande vyake 82, vyenye gia 30 zilizosalia, vinafahamika kuwa ni mashine ya kukokotoa mienendo ya jua na mwezi pamoja na kupatwa kwake. Haijapatikana mashine nyingine ya kale inayoikaribia kwa utata. Hata hivyo, hakuna fundi anayebuni kitu cha namna hiyo kwa jaribio moja. Lazima palikuwa na nyingine kabla yake, na walimu, na makosa yaliyosahihishwa. Kama merikebu hiyo isingezama, mwanahistoria makini, mwenye kuheshimu ushahidi, angeandika kwa uhakika kwamba Wagiriki hawakuwa na ufundi wa gia wa kiwango hicho, na angekosea bila kuvunja kanuni yoyote ya taaluma yake.

Kosa la namna hiyo limewahi kutendeka. Historia ya miji ya Waswahili iliandikwa kwa muda mrefu kwa kutazama majengo ya mawe, na kwa kuwa majengo hayo yalionekana kujitokeza bila asili, ikawa rahisi kudai kwamba wageni kutoka ng'ambo ndio waliokuja na miji yenyewe. Miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, chini ya msikiti wa mawe alikuta alama za misikiti ya miti iliyoutangulia, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Miti ilikuwa imeoza. Mashimo ya nguzo ndiyo yaliyobaki yakisubiri mtu wa kuyauliza.

Je, basi bahari na volkano zinastahili shukrani? Hapana, kwa sababu shukrani humstahili mwenye nia, na bahari haina nia. Zaidi ya hayo, katika mabaki ya Antikythera imepatikana pia mifupa ya watu waliokufa maji, jambo ambalo ni rahisi kulisahau mbele ya uzuri wa vilivyookolewa. Kuna mfano mwingine, wa uhifadhi wenye nia, nao ni wa makumbusho yenyewe. Italia ilipoishambulia Ugiriki tarehe 28 Oktoba 1940, wahifadhi walichimba mahandaki chini ya sakafu za kumbi, wakazilaza sanamu humo na kuzifukia, hata jeshi la Ujerumani lilipoingia Athens mwezi Aprili 1941 likakuta kumbi tupu. Kwa jicho la fizikia, sanamu iliyofukiwa handakini na ile iliyozama baharini zina hali moja: zote zimo gizani, hazifikiki. Tofauti yao haimo katika shaba wala marumaru, bali katika akili za watu wachache waliojua mahali, walionyamaza, na walioaminiana kwamba siku moja watafukua. Kuhifadhi, kwa hiyo, si sifa ya kitu. Ni uhusiano kati ya kitu na watu wanaowajibika kwacho.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi vibao vya maelezo katika makumbusho mengi vina upungufu. Hutaja umri wa kitu, mahali kilipopatikana na malighafi yake, lakini ni nadra kueleza kwa nini kimesalia huku vingine vya aina yake vikiangamia. Maelezo hayo yangefaa kutangulia mengine yote, maana bila hayo mtazamaji hana njia ya kujua uzito wa ushahidi uliowekwa mbele yake.